Mkia wa Shati la Reino

Siku moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, Reino Lahti alikuwa jikoni kambini akikata vitunguu vya supu ya njegere. Hakuwa mtu wa haraka. Alikata kitunguu nusu, akakigeuza, akakata tena, na machozi yalipomtoka aliyafuta kwa kiwiko kama alivyofanya kila Novemba tangu awe mpishi. Nje, theluji ya kwanza ilikuwa imekaa juu ya mierezi ya kinamasini, na moshi wa jiko ulipanda wima bila kuyumba. Kesho hakutakuwa na upepo.

Urho Saarela alikuwa mezani akipaka viatu vyake mafuta. Kambi hiyo, huku Michigan ya juu, ilijengwa na baba yake, na sasa mkuu wake ni yeye. Ndiye anayeamua nani akae wapi porini, nani aanze kuingia sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na kahawa ichemke mpaka iwe nyeusi kiasi gani. Zamani walikuwapo wanaume wa kujaza vitanda vyote. Sasa wengi wamelala kando ya kanisa, wengine wamechukuliwa na watoto wao kwenda kuishi kusikokuwa na baridi, na waliobaki ni watatu: Urho, Reino, na Taisto anayeendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Taisto ana mvi na wajukuu, lakini kwa wazee hao wawili bado ni kijana, na ndiye anayetumwa kuni.

Juu ya jiko, kwenye misumari miwili, ilining'inia bunduki ya marehemu baba yake Reino. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala mle. Ilibeba risasi saba katika bomba lililolala chini ya mtutu, na chini ya kitako ilikuwa na wenzo wa chuma. Ukiuvuta chini ukaurudisha, ganda lililotumika linaruka nje na risasi nyingine inapanda mahali pake. Mkononi ilikaa vizuri, kama mpini wa shoka ulilolizoea. Kila mwaka Reino aliishusha, akaipangusa, akaipaka mafuta, akajaribu wenzo mara moja kusikia unavyolia, kisha akairudisha kwenye misumari. Hakuwinda nayo. Alikuwa mpishi.

Ukuta uliotazamana na bunduki ulikuwa umejaa mikia ya mashati. Huku kwetu mtu akimfyatulia kulungu akamkosa, jioni yake hukatwa mkia wa shati, kile kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya suruali, kikapigiliwa ukutani na jina lake na mwaka. Hakuna msamaha. Mchungaji alikatwa. Hakimu mmoja aliyekuja kama mgeni alikatwa shati la hariri na akaenda zake kanuna. Baba yake Urho, aliyeusimamisha ukuta wenyewe, ana vipande vitano, kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Taisto ana vingi zaidi ya hivyo na anavionea fahari. Reino hakuwa na hata kimoja. Wenzake walimtania kwa mambo yote, kwa ujane wake usio na ndoa, kwa masikio yake, kwa supu yake, lakini kwa hilo hawakumtania kamwe, kwa sababu risasi moja aliyoifyatua kinamasini haikukosa.

Ilimpata Onni.

Walikuwa vijana watatu wakati huo, Reino, Urho na Onni, wote wachimbaji wa mgodi mmoja. Reino alikuwa amemchumbia Aune, dada yake Onni, na Onni alishaanza kumwita shemeji kabla hata harusi haijapangwa. Baba yake Reino alikuwa amefariki msimu wa kiangazi, na Reino alijitengenezea risasi mwenyewe kwa mara ya kwanza, akimimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu ya baba yake. Akaiangusha ile kalibu sakafuni. Ikabonyea kidogo, na tangu hapo kila risasi ilitoka na mkwaruzo mwembamba puani. Aliona si kitu. Asubuhi ya kwanza ya msimu, Onni aliingia kinamasini kuwaswaga kulungu, Urho akakaa upande wa mashariki na Reino upande wa magharibi. Dume mwenye pembe nane akatoka kwenye mierezi. Reino akabonyeza triga. Mlio mmoja ukasikika, mzito, dume akaruka gogo na kupotea, na nyuma yake Onni akakaa chini kwenye theluji kama mtu aliyechoka.

Risasi ilikuwa imempita ndani na kutokea upande wa pili, na haikuonekana. Urho alifika anakimbia. Mbele ya wanaume wote wa kambi waliokusanyika alifungua bunduki yake, na risasi zote zilikuwamo. Basi hapakuwa na la kuuliza. Ofisa aliyekuja akaandika kuwa ni ajali, akampiga Reino begani, akaondoka. Mwaka uliofuata Aune alirudisha pete kupitia kwa mama yake. Mwaka wa pili akaolewa na Urho.

Reino aliendelea kuja kambini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda mwezi wa Novemba. Alizitupa ziwani risasi zilizobaki, akachukua mwiko. Majira ya baridi yote mama yake Onni alipokuwa hai, Reino ndiye aliyempasulia kuni, akizipanga ukutani kabla hajaamka na kuondoka bila kugonga mlango. Sauna aliingia wa mwisho, peke yake, mawe yakiwa yameshapoa, kwa sababu ndani ya sauna wanaume hukaa uchi bega kwa bega na aliona haya kukaa bega kwa bega na mtu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemwambia aache.

Sasa, kuna risasi moja iliyokuwa ikizunguka wilayani kwetu tangu zamani hizo. Kila mtu aliijua. Ilikuwa ikienda polepole kuliko risasi nyingine, kwa urefu wa kifua cha mtu, ikivuma kwa sauti ndogo kama mbung'o aliyefungiwa chupani. Kwenye baridi kali ilikuwa karibu isimame. Kiangazi ilichangamka kidogo. Ng'ombe waliipisha. Mpeleka barua aliinamisha kichwa akaendelea na safari. Mwaka kanisa lilipokuwa linapakwa rangi, ilipita ndani kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia, na mchungaji akasubiri imalize ndipo akaendelea na mahubiri.

Hakuna aliyeigusa, kwa kuwa mtu mwenye adabu haingilii risasi ya mwenzake. Ni ya aliyeifyatua mpaka itue. Wala hakuna aliyejitokeza kuidai, na watu hawakushangaa: anayedai risasi iliyokosa anadaiwa mkia wa shati. Kila kambi iliamini kwamba mwenye nayo yuko kambi nyingine na anaona aibu. Palipotokea mtu wa kusema jamani tuishike tuitazame, Urho Saarela ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutetea adabu. "Mwacheni mwenyewe aje adai," alisema, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na mwenye kambi, walimwacha mwenyewe aje adai. Reino aliisikia ikitajwa lakini hakuwahi kwenda kuitazama. Aliishi chini ya ardhi mgodini na baadaye jikoni, na zaidi ya hayo, yeye hakuwa amekosa.

Vitunguu vilipokwisha, Reino aliona kapu la kuni ni tupu na Taisto haonekani, akatoka mwenyewe. Alijaza mikono magogo ya mbetula hadi chini ya kidevu. Alipogeuka akamwona Taisto akitokea kinamasini, anatembea kinyumenyume, anapunga mikono.

"Mzee Reino! Sogea!"

"Nisogee wapi?"

"Popote! Ile risasi inakuja huku! Nimeongozana nayo tangu kule mlimani, leo imekata kona kabisa!"

"Nimebeba kuni, bwana."

"Kwani kuni ndiyo miguu? Sogea!"

Reino aliiona. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, ya kijivu, na theluji iliyokuwa ikianguka iligawanyika mbele yake. Alifikiri angesogea kushoto, kisha akafikiri kulia, na mtu wa umri wake akifikiri mara mbili anakuwa amechelewa. Risasi ikaja ikagonga gogo la juu kabisa, mbele ya kifua chake, kwa kishindo cha mtu anayebisha hodi kwa heshima. Ikanyamaza. Baada ya miaka yote ile ya kuvuma, pori lilikuwa kimya mpaka Reino akasikia supu ikichemka ndani.

"Imetua," alisema Taisto. Akavua kofia, kisha akaivaa tena. "Imetua kwako, mzee! Haya, ingia ndani tuone ni ya nani. Nina hamu ya kumkata mtu shati."

Waliliweka lile gogo mezani, kando ya mkebe wa mafuta ya viatu. Reino akachukua kisu cha vitunguu akaanza kuichokoa taratibu. Urho hakuinuka. Aliendelea kupaka kiatu kilekile ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Risasi ilidondoka mezani ikabingirika mpaka kwenye kikombe cha Taisto. Reino aliiokota, akaisugua kwenye aproni, akaisogeza dirishani. Puani ilikuwa na mkwaruzo mwembamba.

Akakaa chini. Baadaye akainuka, akafungua droo ya vijiko, akatoa kalibu ya baba yake, kwa maana ilikuwa mle tangu siku ile na hakuna aliyeulizia. Akaifungua, akailaza ile risasi ndani. Ilikaa kama yai kwenye kiota, na mkwaruzo ukalala juu ya mbonyeo.

"Ni yangu," alisema.

"Yako!" Taisto akapiga meza. "Mzee wangu, kumbe wewe ndiye! Miaka yote hii unatulisha njegere na kujidai mtakatifu, kumbe risasi yako ndiyo inatuinamisha vichwa! Ulimkosa kulungu gani wewe, wakati hujawahi kufyatua..."

Hapo akaishia. Taisto si mjinga, ila hesabu zake huzifanya kwa sauti, na safari hii alisikia jibu lake mwenyewe kabla hajalitamka. Alimtazama Reino. Kisha, bila kupenda, macho yake yakahamia kwa Urho, yakarudi haraka kwenye kikombe.

"Nilifyatua moja," alisema Reino. "Moja tu."

Supu ilichemka. Urho akaweka kiatu sakafuni, akakilinganisha na mwenzake, akafuta mikono kwa tambara.

"Kukosa ni kukosa," alisema. "Taisto, lete mkasi."

Ndivyo ilivyo desturi: mkuu wa kambi ndiye anayekata. Reino alisimama katikati ya chumba, akachomoa shati lake la sufu, akageuka. Alimsikia Urho akipumua nyuma yake. Mkasi ulikuwa butu na Urho alilazimika kuukandamiza, lakini alikata moja kwa moja kama fundi cherehani. Baridi ikaingia mgongoni pa Reino. Na hapo Reino akaanza kulia, wazi, bila kuficha uso, na hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. Hakuwa amemuua Onni. Alikuwa amekosa. Alikosa kama mchungaji, alikosa kama hakimu, alikosa kama Taisto anavyokosa kila mwaka wa Mungu.

"Tutaandika mwaka huu," alisema Urho akichukua kipande cha mkaa. "Imetua leo."

"Hapana," alisema Reino. "Andika mwaka niliofyatua."

"Vipande vyote vina mwaka vilipokatwa."

"Vina mwaka mtu alipokosa. Mimi sikukosa leo. Leo nilikuwa nakata vitunguu."

Reino hakuwa mtu wa kubishana. Katika maisha yake ya upishi hakuwahi kukataa hata kuongezwa chumvi, na wenzake wawili walimtazama kama watu waliosikia jiko likisema. Lakini alisimama palepale, shati likining'inia, pua ikitiririka, na hakusogea. Alijua anachokitaka. Mwaka huu ungekuwa kichekesho cha kambi tu. Mwaka ule ungekuwa maneno ukutani, kwa mtu yeyote ajuaye kusoma.

"Taisto," alisema Urho, "wewe unasemaje?"

Taisto aliugeukia ukuta wenye vipande vyake. Urho alikuwa mjomba wake kwa mama, na kitanda alicholalia kilikuwa cha Urho, na paa juu yake. "Mimi," alisema, "yangu yote imeandikwa siku niliyokosa. Hilo ndilo ninalolijua."

Urho aliutazama mkaa. Kisha akauandika mwaka ule, tarakimu zote nne, kwa mwandiko wake mzuri wa mzee wa kanisa, na chini yake jina: Reino. Akakipigilia kipande kwa misumari miwili. Walikitazama kidogo. Kisha wakala supu, na Urho akala bakuli mbili.

Aliyekosa huingia sauna wa kwanza, mawe yakiwa ya kuunguza, na wenzake wanaingia naye wamwagie maji mpaka aombe radhi. Reino aliingia wa kwanza. Alikaa benchi la juu, Urho kulia kwake, Taisto kushoto, bega kwa bega, wote wamekuwa wekundu kama bitiruti. Taisto alimwaga maji, mvuke ukawazaba masikio.

"Omba radhi, mzee!"

"Ongeza," alisema Reino.

Taisto alipotoka kwenda kujigaragaza kwenye theluji, walibaki wawili. Reino alikuwa anakumbuka siku ile, jinsi Urho alivyofika mbio akamkumbatia na kumkandamiza uso wake kifuani ili asione, na jinsi glavu ya Urho ilivyonuka baruti mbichi. Maisha yake yote alidhani harufu ile ni yake mwenyewe.

"Ilipita shambani kwako," alisema Reino. "Ile risasi. Miaka fulani."

"Zinapita nyingi."

"Ukaweka uzio."

"Kwa ajili ya ng'ombe."

Reino alingoja hasira ije. Aliitafuta kwa makini, kama mtu anayetafuta miwani anayojua ameiweka mahali, akapapasa huku na huku, akakuta badala yake anasikia njaa. Pengine ingekuja baadaye. Alijua kilichofanyika, na Urho alijua kwamba anajua, na mawe yalitoa mlio wa shii yakikauka. Kwa wakati ule alichokisikia ni wepesi tu, wepesi wa mtu aliyeteremsha magunia akabaki ameinua mikono bado.

"Mwaga maji," alisema Urho. Reino akamwaga.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, Reino aliishusha bunduki kutoka kwenye misumari na hakuirudisha. Taisto alikuwa na boksi la risasi za aina hiyo, za babu yake, akampa bila utani, jambo ambalo kwa Taisto ni gumu kuliko kutoa figo. Ni Urho aliyepanga mahali pa kukaa. Alimpa Reino upande wa magharibi.

Reino alikaa kwenye gogo. Mierezi ilikuwa mikubwa kuliko alivyoiacha. Mahali alipoketi Onni palikuwa pameota misonobari mitatu midogo, na aliitazama bila kugeuza uso, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nipo, shemeji." Jua lilipopanda kidogo, dume akatoka, mnene, mwenye pembe sita, akasimama ubavu. Reino akainua bunduki. Akatazama nyuma ya yule dume, muda mrefu, mpaka akahakikisha hapana kitu ila mlima. Ndipo akabonyeza.

Risasi ilitoka na kufika papo hapo, kama risasi za watu wengine. Dume alipiga hatua chache akalala. Reino alivuta wenzo, ganda likaruka likatoboa theluji na kutoa moshi kidogo, na alikaa akilitazama lile tundu mpaka Taisto akaja kumsaidia kuburuta.

"Wewe mzee ni jambazi," alisema Taisto akihema. "Miaka yote hiyo umekaa na mwiko, halafu unakuja kupiga kama hivi? Nani atapika sasa?"

"Nitapika mimi. Chukua ini, usilidondoshe."

Jumapili Aune alileta mkate. Wanawake hawavuki lango la kambi msimu ukiwa wazi, na Aune hakuwahi kulivuka; alisimamisha gari barabarani, akapiga honi mara moja, na mpishi akatoka kupokea, kama ilivyokuwa kila Jumapili ya kila Novemba. Alikuwa mwanamke mrefu aliyefupishwa na miaka, amejifunga kitambaa cha bluu kichwani. Katika miaka yote hiyo mazungumzo yao yalikuwa ya mkate. "Huu wa iliki, huu wa ngano nzima." "Asante." "Usiukate ungali moto." "Sawa."

"Huu wa iliki," alisema Aune. Kisha akaona. Upepo ulikuwa umeingia chini ya koti la Reino ukaliinua, na shati lilikuwa limekatika kiunoni kama lililoliwa na mbuzi. "Wamekufanya nini?"

"Nimekatwa mkia."

"Wewe? Wewe huwindi."

"Nilikosa."

"Lini?"

Reino alitaja mwaka.

Aune alikuwa ameushika mkate kwa mikono miwili. Aliendelea kuushika. Gari lilikuwa linanguruma, na redio ndani yake ilikuwa inatangaza hali ya hewa ya ziwani, mawimbi ya kiasi, upepo wa kaskazini.

"Ile iliyokuwa ikipita," alisema mwishowe. "Ile ya kanisani."

"Ndiyo hiyo."

"Niliipisha mara mbili mimi. Mara ya pili nilikuwa na mtoto begani, yule niliyempa jina la kaka. Ilitaka kupita uani. Nikaifungulia lango. Nikaifungia lango nyuma yake, Reino, isirudi ikaniharibia nguo kwenye kamba."

"Hukujua."

"Sikujua. Na nani alikuwa upande wa mashariki?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi jikoni mwake mwenyewe. Hakungoja jibu. Alimkabidhi mkate. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa koti la mumewe lililokuwa kwenye kiti.

"Vua hilo shati nikupindie. Huwezi kukaa mgongo wazi msimu mzima, utapata kichomi. Vaa hili."

Reino akavua koti na shati barabarani, theluji ikimwangukia mabegani, akavaa koti la Urho. Mikono ya koti ilikuwa mirefu. Aune alilikunja shati kwa uangalifu, akagusa kwa kidole mahali mkasi ulipopita.

"Amekata moja kwa moja," alisema.

"Mkono wake ni mzuri."

"Na soksi zake ziko wapi?"

Reino alikuwa nazo, mfuko wa soksi chafu za Urho, kama kila Jumapili. Alimpa. Aune aliutia mfuko garini pamoja na shati, akakaa nyuma ya usukani, akafungua dirisha.

"Mama alijua kuni zilikuwa zako," alisema. "Alikuwa anasema, mtu anayepanga vizuri namna hii hawezi kuwa ametaka."

"Sikuwa nimetaka."

"Wala hukuwa umefanya." Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso wake ulikuwa umelegea, na kwa kitambo Reino aliona uso wa msichana aliyerudisha pete. "Usiukate ungali moto," alisema, akaondoka taratibu, matairi yakisaga theluji.

Jumapili iliyofuata shati lilirudi limefuliwa, limekunjwa, katika mfuko mmoja na soksi za Urho. Pindo lilikuwa jembamba, la mishono midogo iliyokazana, kwa uzi mwekundu kwa kuwa pengine mweusi ulikuwa umekwisha. Aune alikuwa amelishona jioni moja sebuleni kwake, na mumewe, aliyeshuka kutoka kambini kuangalia bomba la maji, alikuwa ameketi upande wa pili wa taa akisoma gazeti. Bomba halikuwa limeharibika.

Reino alilivaa palepale jikoni. Lilikuwa fupi nyuma, lakini halikupitisha baridi hata kidogo. Alikaanga ini kwa vitunguu, akakata mkate wa iliki ambao sasa ulikuwa umepoa, akaandaa meza ya watu watatu. Alijikuta anaimba puani, wimbo wa mgodini, na Taisto akamwambia kwamba kuku wanaochinjwa huimba vizuri zaidi.

Urho aliketi mahali pake, mgongo kwa ukuta wa mikia. Alikula. Baadaye akaona uzi mwekundu.

"Nani kakupindia?"

"Mkeo."

Urho alitafuna, akameza. "Anashona vizuri."

"Vizuri sana," alisema Reino.

Urho akasukuma sahani yake mbele. Reino akamwongezea ini.